Diani mpaka Kisite: panga safari ya visiwani bila kupoteza depo yako

Ukimtajia Mkenya likizo ya visiwani, mawazo yake yanaruka moja kwa moja hadi Zanzibar au Lamu, na kama mwezi huo mshahara umeingia vizuri, hata Mauritius. Kumbe ukishuka Ukunda ukashika barabara ya kwenda Lunga Lunga, visiwa vinakufuata mkono wa kushoto karibu njia nzima hadi mpakani. Kuna Chale pale Kinondo. Kuna Funzi, upande wa Msambweni. Kuna Wasini inayotazamana na Shimoni, na nyuma ya Wasini kuna vile vidogo vya Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini na Kisite. Kutoka Ukunda hadi Shimoni ni kama saa moja kwa gari.

Sisi kazi yetu ni pesa za simu, si utalii. Lakini kila mwaka kuanzia Novemba, meza yetu ya huduma kwa wateja huanza kupokea simu za aina moja. Mtu ametuma depo ya nyumba ya Diani, mwenye namba hashiki tena simu, na safari ni kesho kutwa. Wengine wanapigia wakiwa tayari wameshuka na mabegi, wanatafuta geti ambalo halipo. Simu hizo ndizo zilizotufanya tuandike makala haya. Na kwa kuwa pesa ya safari haitenganishwi na safari yenyewe, tutaongea pia kuhusu upepo, maji na mashua, maana ukikosea tarehe utalipia mchezo ambao bahari haitakuruhusu uucheze.

Anza na upepo, si na bei

Watu wengi hupanga hivi: bosi amekubali ruhusa ya wiki fulani, basi tunaenda wiki hiyo. Ni sawa kama unataka kulala chini ya mnazi tu. Ukitaka likizo ya kujishughulisha, yaani kupiga mbizi, kupiga kasia, kuruka na kaiti au kwenda Kisite kuona matumbawe, kwanza jiulize ni msimu wa pepo gani.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huvuma takriban kuanzia Juni hadi Septemba, na huo ndio upepo mzito, wenye mawimbi. Kati yake kuna masika ya Aprili na Mei, halafu kipindi cha Oktoba na Novemba ambapo bahari hutulia tena. Kwa kupiga mbizi na kuogelea na snokeli, Oktoba hadi Machi ndio wakati mzuri, maji ni maangavu. Kwa kaiti unataka upepo, kwa hiyo Kaskazi na Kusi zote zinafaa, na ndiyo maana utaona tiara za rangi zote hewani pale Galu mwezi wa Januari na pia mwezi wa Agosti. Nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba hivi, kwa hiyo anayetaka kuwaona itabidi avumilie mawimbi ya Kusi.

Kama ungetuuliza sisi, tungesema nenda Februari. Upepo upo, maji ni safi, shule ziko wazi, na bei za nyumba zimeshuka kutoka kule zilikopanda Krismasi. Angalia tu kalenda ya Ramadhani. Shimoni na Wasini wengi ni Waislamu, na mchana wa mfungo usitegemee vibanda vya chakula kuwa wazi kama siku nyingine.

Baada ya mwezi, chagua siku. Hapa ndipo wageni kutoka bara wanapopigwa chenga na bahari bila kujua. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, ni bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Kwenye pwani ya Mombasa na Kwale siku za bamvua, maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kisha yanajaa alasiri, kama saa kumi.

Kwa hiyo ukipanga masomo ya kuogelea Diani saa nne asubuhi siku ya bamvua, utakuta bahari imeenda zake hadi karibu na mwamba, imekuachia mchanga na madimbwi. Hiyo hiyo saa nne ni saa nzuri ya kutembea, kukimbia kwenye mchanga mgumu au kuendesha baiskeli ufuoni. Vaa viatu vya maji ukienda kwenye mwamba, kwa sababu wale viumbe weusi wenye miiba mirefu hawachagui mgeni na mwenyeji. Jedwali la maji utalipata kwenye intaneti bure, ama muulize mvuvi yeyote. Atakwambia bila hata kuangalia simu.

Chungu cha safari

Sasa hesabu. Tuchukue kundi la watu 6, siku 4 za kulala, kutoka Nairobi. Bei tutakazotaja hapa, kando na za treni, ni mfano wa kupigia hesabu tu, usije ukamwambia mwenye nyumba kwamba sisi tulisema.

Treni ya Madaraka Express: tangu Januari 2024 daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500, na daraja la kwanza 4,500. Tuseme mnakaa la kawaida, kwenda na kurudi 3,000 kwa mtu. Nyumba ya 12,000 kwa usiku, siku 4 ni 48,000, mkigawana 8,000 kila mtu. Chakula 1,200 kwa siku, siku 5, inakuja 6,000. Magari ya huku na kule 2,500. Siku ya Kisite 5,000. Mchezo mmoja wa kulipia, kila mtu achague wake, 4,500. Hiyo jumla ni 29,000. Ongeza 3,000 ya dharura, inakuwa 32,000.

Ukisikia 32,000 kwa mkupuo unaweza kuahirisha hadi mwaka kesho. Ukiigawa kwa wiki 20 ni 1,600 kwa wiki. Mkianza katikati ya Septemba, mwanzoni mwa Februari mko njiani. Weka siku maalum ya kutuma, siku moja baada ya siku unayopata pesa, na utumie akaunti ya akiba iliyofungwa badala ya kuacha pesa ikae pamoja na ya matumizi. Tunaona wenyewe: pesa iliyo kwenye salio la kawaida huliwa na tokeni za stima na boda kabla haijafika Ijumaa.

Swali gumu zaidi ni nani ashike. Makundi mengi humchagua yule rafiki mmoja anayeaminika, kila mtu anamtumia kwenye namba yake. Hatusemi rafiki yenu ni mwizi. Tunasema simu yake inaweza kupotea, laini yake inaweza kubadilishwa na matapeli, na yeye mwenyewe anaweza kupata mgonjwa nyumbani usiku wa manane na pesa ya pekee iliyo karibu ikawa ni yenu. Ni afadhali akaunti ya kikundi ambayo pesa haitoki mpaka watu wawili wamekubali. Kama hamna, basi mshika chungu atume taarifa ya akaunti kwenye WhatsApp ya kundi kila mwisho wa mwezi, ile taarifa yenyewe, si ujumbe wa "nimepata za watu wanne". Na mkubaliane mapema: anayejitoa wiki mbili kabla anarudishiwa ngapi? Urafiki mwingi umevunjika hapo.

Depo: hapa tukae kidogo

Wazee wa Pwani huiita arbuni. Ni pesa ya kuonyesha nia, na ni jambo la haki kabisa; mwenye nyumba hawezi kukuwekea Krismasi nzima kwa maneno matupu. Tatizo ni kwamba depo hulipwa wakati ambapo mnunuzi hajaona chochote na muuzaji hajatoa chochote. Matapeli wanaishi kwenye mwanya huo.

Mtindo wao hautofautiani sana. Wanachukua picha za nyumba ya kweli, mara nyingi ina bwawa na makuti, wanaziweka kwenye ukurasa wa Facebook au kundi la WhatsApp. Bei iko chini ya wengine, lakini si chini kiasi cha kukushtua. Ukiuliza, wanajibu haraka na kwa heshima. Halafu inakuja haraka ya pili: kuna kundi jingine linataka tarehe hizo hizo, tuma nusu sasa hivi nikufungie. Namba ya kutumia ni ya mtu binafsi, na jina linalotokea si lile la ukurasa. Ukiuliza unaambiwa ni la mhasibu, au ni la mke wangu.

Jina hilo ndilo zawadi kubwa kuliko zote ambayo simu yako inakupa. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la mpokeaji linatokea. Lisome. Lisome tena. Kama umeambiwa unalipa kampuni na linatokea jina la mtu, simama hapo. Namba ya till au paybill ya biashara nayo si hakikisho la asilimia mia, lakini ili mtu aipate ni lazima aache stakabadhi zake, kwa hiyo ina mahali pa kuanzia kumtafuta.

Kisha fanya haya kabla ya kutuma hata shilingi. Omba mpigiane simu ya video, mtu akiwa ndani ya nyumba, aanzie getini hadi baharini bila kukata. Tapeli atakuwa na mtandao mbaya siku hiyo, na kesho yake pia. Muulize maswali ya mwenyeji: ni upande wa Tiwi, wa Galu au wa Kinondo? Ukitoka Kona ya Musa unapanda boda kwenda wapi? Mtu anayekaa kule atajibu huku anacheka. Chukua picha zao uzitafute kwenye intaneti uone kama zimetumika pengine kwa jina lingine. Uliza kama nyumba ina leseni ya Tourism Regulatory Authority. Ndiyo mamlaka inayosajili malazi ya watalii. Jina la kampuni unaweza kulitafuta kwenye huduma ya usajili wa biashara iliyo katika eCitizen.

Na kuna njia ya kizamani inayoshinda zote. Tafuta mtu wako Ukunda. Karibu kila mtu ana binamu, mwanafunzi mwenzake wa zamani au jirani aliyehamia Mvindeni au Mwabungo. Mtumie nauli ya boda na ya soda, aende akaangalie, azungumze na askari wa geti. Ukilinganisha na depo ya 24,000, boda ni rahisi.

Ikishakuwa umetuma na umeanza kushuku, usingoje asubuhi. Piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo. Hapa tuseme ukweli ambao si kila mteja hupenda kuusikia: kurudisha pesa iliyotumwa kwa namba isiyo sahihi ni jambo moja, na pesa uliyomtumia tapeli kwa hiari ni jambo lingine. Kama bado iko kwenye akaunti, kuna uwezekano wa kuizuia. Kama ameshaitoa, hatuwezi kuiumba upya, na kinachobaki ni polisi, namba ya ripoti na kumbukumbu za muamala, ambazo tutazitoa kwa utaratibu. Weka ujumbe zote, usifute mazungumzo kwa hasira.

Upande wa wenye nyumba na manahodha pia hulizwa. Kuna mtu anatuma ujumbe uliotengenezwa unaofanana na wa kweli, anadai amelipa, anataka ufunguo. Mwingine anadai amezidisha, anaomba urudishe tofauti. Mfanyabiashara asiangalie ujumbe, aangalie salio.

Kufika

Ukishuka treni Miritini una njia mbili. Unaweza kuingia mjini Mombasa, ukavuka Likoni kwa feri, ambapo anayetembea kwa miguu hulipi kitu na gari ndilo hulipa, kisha upande matatu ya Ukunda. Ama, kama mko kundi na mmekodi gari, mzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu ambayo inawatoa moja kwa moja upande wa Kusini bila kuonja foleni ya feri. Kwa watu 6 wenye mabegi tunapendelea Dongo Kundu. Wenye haraka na pesa wanaruka kutoka Wilson na kushuka uwanja wa ndege wa Ukunda wenyewe, dakika chache tu kutoka ufuoni.

Kwenye stesheni, kubaliana nauli kabla mabegi hayajapanda, na ulipe ukifika.

Siku za Diani

Mwamba wa matumbawe unaofuata ufuo wa Diani hufanya kazi ya ukuta. Mawimbi makubwa huvunjika huko nje, ndani kunabaki maji ya kina kifupi yenye mchanga chini. Ndiyo maana watu hujifunza kaiti hapa. Mwanzo si rahisi, na saa moja haitoshi. Wengi huhitaji siku kadhaa kabla ya kusimama. Kwa hiyo usinunue somo moja la kupigia picha ukadhani umejifunza. Uliza kama mwalimu ana cheti, kama boti ya uokoaji ipo, na upepo ukikosekana siku hiyo somo linahamishwa au pesa imekwenda. Swali hilo la mwisho liulize kwa maandishi, WhatsApp inatosha.

Kupiga mbizi kwa mtungi nako kuna shule zake, na kuna meli ya uvuvi, MFV Alpha Funguo, iliyozamishwa makusudi nje ya Diani na sasa ni makao ya samaki. Ukiwa na mpango wa kuruka kwa parachuti, kitu ambacho hufanyika hapa hapa, usipange siku hiyo hiyo na kupiga mbizi wala siku ya kurudi kwa ndege. Mwili unahitaji kupumzika baada ya kina kirefu kabla ya kupanda juu.

Kwa mwenye bajeti ndogo bado kuna ya kutosha. Tembea kaskazini hadi msikiti wa Kongo, mahali mto Mwachema unapoingia baharini. Angalia mbega wakivuka barabara ya Diani juu kwa juu kwenye ngazi za kamba zilizowekwa na Colobus Conservation, shirika lililoanza mwaka 1997. Nenda Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008. Utafungwa kaniki, utaongozwa na mwenyeji, na utaambiwa usichukue hata jani. Fuata.

Ufuoni utakutana na vijana wanaouza safari za mashua, vinyago na nazi. Wengi ni watu wa kazi, na baadhi yao wanaijua bahari kuliko hoteli nzima. Usilipe safari ya kesho yote leo kwa mtu uliyemwona dakika 10. Lipa kidogo ya mafuta, uone mashua, salio ulipe mkirudi. Nahodha wa kweli hatakasirika, yeye mwenyewe hufanya hivyo akinunua injini.

Kuelekea visiwani

Safari ya Kisite huanzia Shimoni asubuhi. Kabla ya mashua, tenga nusu saa kwa mapango ya Shimoni, ambapo watumwa walifungiwa wakisubiri kusafirishwa. Kiingilio hukusanywa na jamii yenyewe na husaidia mambo ya kijiji.

Hifadhi ya Kisite-Mpunguti iko chini ya KWS, na KWS haipokei pesa taslimu. Malipo hupitia eCitizen, kwa paybill ya serikali 222222 na namba ya malipo unayopewa na mfumo. Mkenya, mkaazi na mgeni hulipa viwango tofauti, kwa hiyo beba kitambulisho. Mara nyingi mwenye mashua hukuuzia kifurushi chenye kiingilio ndani. Hakuna ubaya, ila mwombe risiti ya eCitizen yenye idadi yenu. Kuna wakati watu 6 hulipia 6 na risiti ikasoma 4, na ugomvi ukaanzia baharini. Na usikubali kulipa kiingilio cha hifadhi kwa namba ya mtu binafsi, hata akikwambia mfumo umelala.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na fukwe zilizolindwa tangu tarehe 5 Juni 2020. Beba chupa ya kujaza.

Ukiwa majini, kwanza vaa jaketi la kuokoa maisha, hata kama unajua kuogelea, hata kama linakuharibia picha. Mpango wa kawaida ni kutafuta pomboo njiani, kisha kutia nanga karibu na Kisite kwa snokeli, kisha Wasini kwa chakula cha mchana. Pomboo wakionekana, mwambie nahodha apunguze mwendo wala asiwakimbize. Mashua tano zikiwazunguka wanazama na hakuna aliyeona kitu. Matumbawe usiyakanyage. Yanakua polepole sana, na mguu mmoja unavunja kazi ya miaka.

Wasini watu wengi huiona kwa saa moja tu, kati ya kaa na wali wa nazi, kisha wanarudi. Ni hasara. Kisiwa hakina gari hata moja. Kuna bustani ya matumbawe ya kale iliyobaki nchi kavu, na daraja la mbao linalopita juu yake na katikati ya mikoko, ambalo huendeshwa na kina mama wa kisiwa. Kutoka kijiji cha Wasini unaweza kutembea hadi Mkwiro upande wa pili, saa moja na ushee, ukiwa na mwenyeji wa kukuonyesha njia. Utasikia Kivumba kikizungumzwa, lahaja ambayo mtu wa Nairobi ataifuata nusu. Vaa kwa staha unapopita vijijini. Nguo ya kuogelea iache mashuani. Maji ya kunywa kisiwani ni ya taabu, watu wamezoea kutegemea ya mvua, kwa hiyo usiyachezee.

Mkipata siku ya ziada, Funzi ni ya watu wa utulivu: mnapandia Bodo, mnaingia kati ya mikoko na mto Ramisi, mnaona ndege na mara nyingine mamba. Na njiani mkirudi Ukunda, Gazi pana mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa kaa mwaka 2013 na pesa kwenda kwa maji na shule za kijiji. Kina mama wa Gazi nao wana daraja lao la mikoko.

Pesa ukiwa huko

Visiwani mawakala ni wachache, na salio lao huisha mapema siku za watalii. Toa pesa taslimu kidogo Ukunda, ya nazi, ya mwongozaji, ya kina mama wa daraja. Nyingine ilipe kwa till: mteja hakatwi, tofauti na ukimtumia mtu binafsi. Karibu na mpaka, simu inaweza kunasa mtandao wa Tanzania na muamala ukakwama. Zima huduma ya kuhama mitandao kabla hujatoka Shimoni. Lipa ukiwa gatini, si katikati ya mkondo. Simu iweke kwenye mfuko usioingia maji, na laini iwe na namba yake ya siri, mbali na ile ya pesa. Simu ikizama Kisite, laini yako utaifufua Ukunda, lakini utahitaji kitambulisho, kwa hivyo kitambulisho kisizame nayo.

Jambo moja mnalopaswa kuliandika kabla ya kutuma hata ile pesa ya mafuta: nahodha akisema leo bahari haitoki, nini kinafuata? Siku za Kusi hutokea sana. Kama hamkukubaliana, mnabaki gatini watu 6 mmelipa, treni ni kesho, naye ana watoto wa kulisha, na mtu mmoja kati yenu anaanza kumsukuma aende tu. Ujumbe wenyewe ni mfupi: "Nahodha, tumekutumia arbuni ya safari ya Jumamosi. Upepo ukizidi na wewe ukaona hatuendi, tunahamia Jumapili kwa pesa hiyo hiyo. Jumapili ikishindikana, unabaki na ya mafuta, salio unaturudishia kwenye namba hii. Uamuzi wa kutoka ni wako." Akijibu sawa, bonyeza tuma.